Tatizo Laweza Kuwa Upande wa Mteja

Kama umewahi kuandika mtandaoni kwamba huduma fulani ni mbovu, kisha maneno yako yakatoweka kama hayakuwahi kuwapo, usimsingizie shetani. Shetani ana kazi zake nyingi. Yaelekea ulipita mikononi mwa Mizani.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini, naye akalipokea kama mtu anavyopokea cheo. Mizani alikuwa mhakiki wa maoni ya wateja katika tovuti moja inayolinganisha huduma za VPN, yaani zile programu zinazopitisha mawasiliano yako mlango wa nyuma ili mtandao udhani uko nchi nyingine. Mama yake, aliyekuwa fundi cherehani na hakuwa na subira na majina ya herufi tupu, aliziita vichochoro. Watu walinunua vichochoro, wakavitumia, wakaandika maoni na kutoa nyota, na kabla umma haujaona chochote, maoni hayo yalipita kwanza kwenye kompyuta ya Mizani. Alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, katika chumba chenye zulia la kijivu na kiyoyozi kilichodondoshea maji yake kwenye ndoo. Kazi yake ilikuwa kuamua maoni yapi ni ya haki na yapi si ya haki. Alikuwa na kitufe cha kijani, kitufe chekundu, na moyo mweupe kabisa.

Haki yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Anayelalamika alitakiwa kuleta picha ya skrini, tarehe, aina ya simu, toleo la programu, na lugha ya mtu aliyelelewa vizuri. Anayesifu hakutakiwa kuleta kitu. Ukimwuliza kwa nini, Mizani alikueleza kwa upole kwamba anayelaumu anaharibu jina la mtu, kwa hiyo lazima athibitishe, ilhali anayesifu hamdhuru yeyote. Nani amewahi kuumizwa na sifa? Mantiki hiyo ilimfurahisha sana meneja, ambaye pia alifurahishwa na Ngao ya Dhahabu, kampuni ya VPN iliyokuwa mdhamini mkuu wa tovuti, wa kiyoyozi, na nadhani hata wa ndoo. Na kwa bahati njema ambayo hakuna aliyejisumbua kuitafutia maelezo, Ngao ya Dhahabu ndiyo iliyoongoza orodha mwaka hadi mwaka.

Usidhani Mizani alikula njama. Angekuwa mla njama ningemheshimu kidogo, maana mla njama angalau anajua anachofanya. Huyu aliamini. Aliwahi kukataa maoni ya sifa kwa Ngao ya Dhahabu kwa sababu yaliandikwa yote kwa herufi kubwa, na kisa hicho aliwasimulia wageni nyumbani kwake kila walipofika, wale wa zamani na wapya, kama ushahidi kwamba yeye hana upendeleo. Wageni walitikisa vichwa. Walishajua wakati wa kuitikia.

Kulikuwa na walalamikaji wachache waliomtia tabu: wastaarabu, wenye picha zao za skrini na tarehe zao, wasiotukana mtu. Kwa ajili yao alitunga jibu ambalo ndilo lilikuwa fahari ya maisha yake. Lilisema hivi: “Tunakushukuru kwa maoni yako. Kwa kuwa watumiaji wengine hawajaripoti hali hiyo, tatizo laweza kuwa upande wa mteja.” Alilipenda hasa neno laweza. Halimshtaki mtu, alisema, linampa tu nafasi ya kujitafakari. Meneja alilipenda pia, akaliingiza kwenye majibu ya tayari, ili mhakiki yeyote alibandike kwa kugusa kitufe. Na lilikuwa kweli tupu. Watumiaji wengine hawakuwa wameripoti, kwa sababu kila aliyeripoti aliambiwa ni yeye peke yake.

Sasa twende nyumbani kwake. Mama yake alikaa naye na mkewe, katika chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, cherehani yake ikiwa imeelekezwa kwenye mwanga. Alikuwa na presha ya macho. Daktari wa kliniki alikuwa amemweleza bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini matone ya asubuhi na jioni, yakitiwa bila kukosa, yatalinda kilichobaki. Mama akayatia bila kukosa. Alikuwa na sababu. Mwanawe wa kwanza, kaka yake Mizani, alikuwa fundi wa lifti ng'ambo, na mkataba wake ulikuwa na tabia ya kuongezwa kila ulipokaribia kwisha. Mama alitaka kitu kimoja tu: amwone yule mtoto anaongea na kucheka, wakati bado ana macho ya kumwonea. Picha alikuwa akitumiwa, lakini hazikumtosha. Picha hainiulizi nimekula nini, alisema.

Shida ni kwamba huko aliko kaka, simu za video zilikuwa zimefungwa. Ukitaka kuonekana, lazima upite kichochoroni. Nyumba nyingine zingehangaika, zingeuliza kwa majirani, zingejaribu hiki na kile. Nyumba hii ilikuwa na mtaalamu wake.

Mtaalamu akaketi sebuleni, akafungua tovuti ya kazini kwake, akasoma maoni juu ya Ngao ya Dhahabu kwa makini, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kwa sauti yale yaliyompendeza. Kisha akamwambia mkewe, mama akisikia kutoka chumba cha mbele, kwamba jambo la ajabu ni hili: hakuna malalamiko. Mkewe, karani wa stoo ambaye kazi yake ilimzoesha kuamini alichokihesabu mwenyewe, aliacha kumenya vitunguu akamtazama.

“Si wewe ndiye unayeyaondoa?”

Mizani alimjibu bila kukasirika, maana alikuwa mwalimu kwa asili yake, kwamba yeye huondoa yale yasiyo ya haki tu. Kwa hiyo yaliyobaki ni ya haki. Na yaliyobaki yote yanasifu. Mkewe akafikiri kidogo, akakumbuka ni mwanamume gani aliyemwoa, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kaka akanunua Ngao ya Dhahabu. Ndugu hao wawili wakaijaribu Mizani akiwa ofisini, picha ikaja safi kwa muda mfupi, wakacheka, wakakata. Mizani akatangaza kazi imekwisha. Kesho yake akamwonyesha mama pa kubonyeza, akaenda zake kazini. Kaka alipata nafasi saa za mchana tu, wakati wa mapumziko yao, na saa hizo nyumbani hubaki mama peke yake. Siku ambazo Mizani hakwenda kazini, alikuwa na shughuli nzito za kupumzika, na kwa kawaida alizifanyia kwa rafiki yake mwenye televisheni kubwa.

Jioni aliporudi aliuliza kama amemwona.

“Nimemwona,” alisema mama. “Hajabadilika hata kidogo.”

Basi ikawa hivyo. Kila jioni aliuliza, na kila jioni alipewa nyota tano. Hakuuliza kaka alivaa nini, wala nyuma yake kulikuwa na ukuta au dirisha. Ilikuwa sifa, na sifa haidaiwi ushahidi. Kaka naye aliwahi kumwandikia kwamba hiki kitu chako mbona kinakwamakwama, picha haikai. Mizani akamjibu papo hapo, na sidhani alihitaji kufikiri. Zima simu uwashe, alimwandikia, halafu angalia mtandao wenu, maana watumiaji wengine hawajaripoti, tatizo laweza kuwa upande wako. Kaka hakuandika tena juu ya jambo hilo. Mizani alihesabu ukimya wake kuwa ni shukrani.

Miezi ikapita. Mama akaacha kushona, hata vifungo. Ule mkasi wake mkubwa, ambao watoto wake walipokuwa wadogo walichapwa kwa kuugusa tu, akampa fundi wa ng'ambo ya barabara. Cherehani akaifunika shuka. Mkewe Mizani aliona hayo yote akayasema, akaambiwa na mumewe kwamba ni umri. Na mama mwenyewe, akiulizwa, alisema amechoka tu, kisha akauliza kama chai imeiva.

Siku moja mtandao ulikatika ofisini. Kampuni iliyowafundisha watu duniani namna ya kuunganishwa haikuweza kuunganishwa yenyewe hata kwa dawa, na mchana wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mizani alipoingia alimkuta mama ameketi karibu na dirisha, simu kaishika mikono miwili, akitabasamu. Alikuwa akimwambia kaka kwamba anamwona vizuri, amenenepa kidogo, chakula cha huko kinampenda.

Mizani akasogea nyuma ya kiti ili amsalimie kaka. Kwenye simu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vipande vya kijivu na kahawia vilivyopangana, vinacheza kidogo, vinaganda, vinacheza tena. Sauti ya kaka ilitoka humo kama ya mtu aliyefungiwa bafuni. Mama akaagana naye, akambusu kwa kelele, akakata.

“Mama, ulikuwa unaona nini hapo?”

“Kaka yako, nani tena?”

“Mama.”

Mama akaiweka simu mapajani, akaipapasa mgongo wake.

“Vigae,” akasema. “Tangu siku ya kwanza naona vigae tu, kama sakafu ya hospitali. Lakini kaka yako ananiona, kila siku ananiambia nimependeza. Na wewe ulisema mashine hii haijalalamikiwa na mtu. Basi nikajua ni macho, baba. Yamekwisha. Nikaona nisiwasumbue.”

Mizani aliuliza habari ya dawa huku akiogopa jibu. Mama akamwambia kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakununua sukari, kwamba dawa ya macho yaliyokwisha ni ya nini. Chupa zilikuwa kwenye droo ya cherehani, zimefungwa vilevile zilivyotoka dukani. Na kliniki je? Kliniki alikuwa akijiandaa kila tarehe ikifika, anatoka, anakwenda kukaa kwa yule fundi mwenye mkasi wake, anasikiliza cherehani ya mwenzake, anarudi.

Mizani akampigia kaka simu ya kawaida, ile ya sauti tu. Kaka akakiri kwamba hata yeye hajawahi kumwona mama, anaona vipande vinavyotikisika. Lakini mama alikuwa akimwambia anamwona vizuri, basi akasema moyoni afadhali mmoja wao anafaidi, asimharibie. Mizani akashusha simu, akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Alilia kwa aibu, ile inayomshika mtu akiwa amesifiwa maisha yake yote kwa jambo lile lile linalomwaibisha. Kwa mara ya kwanza katika masimulizi haya namhurumia, lakini sitaizoea tabia hiyo.

Kesho yake alifanya kazini jambo ambalo mhakiki hufanya akilazimishwa na wakaguzi: alifungua kapu. Kila maoni yaliyokataliwa yalihifadhiwa humo pamoja na sababu yake, na hakuna aliyeyasoma tena. Mizani akatafuta yaliyotoka nchi ile aliko kaka. Yalikuwa mengi hata akadhani kompyuta imekosea. Mmoja aliandika kwamba anaona miraba tu, akadhani simu imeharibika, akaiuza, akanunua nyingine, akaona miraba ile ile kwa rangi nzuri zaidi. Mwingine alisema mkewe anaamini anamficha sura kwa makusudi, na ndoa imefika pabaya. Mzee mmoja aliomba radhi kwa usumbufu, akasema labda yeye ndiye hajui kutumia. Chini ya kila mmoja kulikuwa na lile jibu, pamoja na lile laweza lake tamu.

Katikati ya kapu alimkuta muuguzi. Aliandika kwa mkato, kama mtu aliye kazini. Alisema huku Ngao ya Dhahabu inapita mara ya kwanza tu, kisha inazibwa, tangu walipofunga mitambo mipya, msiwapotezee watu wakati, tumieni kile kidogo kiitwacho Sungura, ukurasa wake unatia huruma lakini picha inakaa. Mizani alikumbuka hata siku alipoyakataa. Alikuwa amebonyeza chekundu kwa furaha, akaandika sababu: kutangaza mshindani. Maoni yenye faida kuliko yote katika tovuti nzima yalikuwa kapuni, na aliyeyatia humo alikuwa mtu asiye na upendeleo.

Kaka akaiweka Sungura kwenye simu yake. Mizani akaomba ruhusa kazini, akaketi kando ya mama dirishani. Simu ikaita, mama akabonyeza. Kaka akatokea, mzima, na sare yake ya kazi na kalamu mfukoni, nyuma yake ndoo za rangi na mlango wa lifti uliofunguliwa nusu.

 Mama alisogeza simu kushoto, akainamisha kichwa, akaisogeza tena, akitafuta pembe ambayo jicho lake bado liliikubali. Alipoipata akatulia hapo muda mrefu.

“Kumbe una mvi,” akasema.

Kaka alianza kucheka, halafu kicheko kikamgeuka. Akasema mama, kila siku ulikuwa unaniambia sijabadilika. Mama akamwambia anyamaze kwanza amtazame, wataongea baadaye.

Kliniki daktari alipima, akapima tena. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda katika miezi ile bila dawa, na hakuna wa kulirudisha. La kushoto limebakiwa na kidogo, na hicho kidogo kinaweza kulindwa. Akamwuliza mama kwa nini aliacha matone. Mama akasema alijichanganya tu, uzee. Mizani alikuwa ameketi kando yake na alikuwa na mdomo, lakini alishindwa kuutumia.

Lililofuata ni fupi. Alipoingia kazini asubuhi alilifungua kapu, akayapaka kijani maoni yote, moja moja, hata ya matusi. Kufika mchana nyota za Ngao ya Dhahabu zilikuwa zinaporomoka. Kabla ya jioni zilikuwa zimepanda tena mahali pake, kapu limejaa, na meneja amemwita. Hakufoka, watu wa aina yake hawafoki. Alimwambia kwamba amechoka, kwamba haki inahitaji kichwa kilichotulia, na kwamba kampuni imeanza kulinganisha magodoro na inamhitaji huko. Mtu wa pembeni yake akahamia kwenye kiti chake, karibu na kiyoyozi. Mizani akakubali magodoro. Ana nyumba ya kulisha, na mimi sikuahidi kukuletea shujaa.

Mama aliposikia habari hizo alitaka kujua kama na yeye anaweza kuandika. Akaambiwa anaweza, kama mteja yeyote. Basi akaketi wima kana kwamba anapigwa picha, akatamka taratibu, Mizani akaandika bila kugusa neno: “Nilinunuliwa kichochoro hiki nimwone mwanangu. Nikaona vigae. Mkasema hakuna anayelalamika, nikadhani ni macho yangu, nikaacha dawa. Jicho moja limekufa. Macho yangu yalikuwa yanaona, chenu ndicho kilikuwa hakionyeshi.” Akauliza nyota ngapi. Mizani akamweleza kwamba chini ya moja haiwezekani. Akasema basi wape hiyo moja, wasije wakasema hatuna adabu.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, jioni, Mizani akiwa ameshika chupa ya matone. Sasa ndiye aliyemtia dawa, asubuhi kabla ya kwenda kwenye magodoro na jioni akirudi. Simu ikalia, akaisoma kimya, akaisoma tena.

“Wameyaweka?” mama akauliza.

Angeweza kusema ndiyo. Mama asingeweza kusoma, na nyumba ile ilikuwa na uzoefu mrefu wa kuambiana mambo mazuri.

“Wameyakataa, mama. Wanasema watumiaji wengine hawajaripoti. Wanasema tatizo laweza kuwa upande wako.”

Mama akamgeukia.

“Nani anaandika maneno ya namna hiyo kwa mtu asiyemjua?”

“Mimi,” akasema Mizani. “Hilo jibu nililitunga mimi. Wanalibandika tu.”

Nje gari lilikuwa likirudi nyuma likipiga kengele yake, halafu likazima. Mama hakumgusa wala hakumgombeza. Aliweka mikono juu ya shuka iliyofunika cherehani, akaegemeza kichwa nyuma, akainua uso kwenye mwanga.

“Haya, tia dawa,” akasema. “Anza na hili linaloona.”